Kuongeza pini kwenye LinuxCNC kwa Arduino na ndugu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye mashine yake ya CNC tayari inatembea, ila vitufe, taa, rilei na vihisi anavyotaka kufunga vimezidi pini zilizobaki. Mifano ni ya LinuxCNC, programu ya kompyuta inayoendesha mashine hizo. Wenye Mach3 na Grbl, programu nyingine za kazi hiyo, wana swali lao kuelekea mwisho.

Kwani poti ya paraleli haitoshi?

Poti ya pini 25 hukupa njia 12 za kutoa ishara na 5 za kupokea. Mota tatu za hatua hula njia sita za kutoa, kwa kuwa kila mota inataka palsi na mwelekeo. Rilei ya spindo, ya pampu ya maji na waya wa kuruhusu draiva za mota hula tatu nyingine. Upande wa kupokea ndio wenye njaa zaidi: swichi tatu za mwisho wa mwendo, probi (kihisi kinachogusa kipande ili kupima mahali kilipo) na kitufe cha dharura, na tano zimekwisha. Hapo hujafunga hata kitufe kimoja cha kuanzisha au kusimamisha kazi. Arduino Uno, bodi ndogo ya maikrokontrola, ina pini 14 za kidijitali na 6 za analogi. Mega 2560 ina 54 na 16. Zote hufika kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB.

Kazi zipi niipe bodi, na zipi nisiipe?

Kwa kila ishara jiulize: ikichelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, au isipofika kabisa, kutatokea nini? Kama jibu ni "nitabonyeza tena", ipe bodi. Kama ndani ya jibu kuna kikatio kilichovunjika, kipande kilichoharibika au kidole cha mtu, usiipe.

Kwa kipimo hicho, vitufe vya paneli, taa za rangi za kuonyesha hali ya mashine, pampu ya maji, feni ya kufyonza vumbi, gurudumu la kusogeza mhimili kwa mkono, potenshomita ya kupunguza mwendo, vihisi vya joto na swichi ya kiwango cha maji vyote vinafaa. Swichi za mwisho wa mwendo, probi, enkoda ya spindo ya kukatia nyuzi za skrubu na mnyororo wa dharura vibaki kwenye poti au kadi inayosomwa kwa wakati halisi.

Kuhusu probi watu hubisha sana, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua ucheleweshaji wa milisekunde 20, ambao si wa kushangaza kwenye USB. Mashine inayotembea milimita 3000 kwa dakika inasogea milimita 50 kwa sekunde, kwa hiyo katika milisekunde hizo 20 imeshapita milimita nzima. Ukipunguza mwendo wa probi hadi milimita 100 kwa dakika, kosa linashuka hadi karibu 0.03. Mtu husema hiyo inavumilika. Ingevumilika kama ucheleweshaji ungekuwa uleule kila mara, kwani ungeutoa kwenye hesabu. Lakini hubadilika kila mara, na kipimo kinachobadilika chenyewe hakiwezi kurekebishwa.

Arduino ina kasi. Kwa nini isitoe palsi za mota pia?

Bodi haina tatizo, njia ya kuifikia ndiyo yenye tatizo. Mota ya hatua 200 inayogawanywa mara nane, yenye skrubu ya milimita 5 kwa mzunguko, inahitaji palsi 320 kwa milimita. Kwa milimita 50 kwa sekunde hizo ni palsi 16,000 kwa sekunde, yaani moja kila mikrosekunde 62.5. Kwenye poti ya siriali ya 115200 baiti moja peke yake huchukua takriban mikrosekunde 87.

Grbl hutoa palsi kwenye Uno bila taabu kwa sababu hesabu yote ya mwendo inafanyika ndani ya bodi hiyohiyo. Kompyuta hutuma mistari ya G-code (amri za mwendo) mapema na kusubiri. LinuxCNC huhesabu mwendo ndani ya kompyuta, kwa kawaida mara moja kila milisekunde, na inataka kifaa kilicho upande wa pili kiende na mdundo huo. Iko miradi kama Remora inayofanikisha hili kwa maikrokontrola, lakini hupitia SPI au Ethernet. Hiyo ni safari nyingine.

Nichague bodi gani?

Uliyo nayo. Kwa kazi zisizo na haraka hakuna inayoshindwa.

Tofauti inayofaa kuzingatiwa ni volti. Uno na Mega hufanya kazi kwa volti 5. ESP32 na Raspberry Pi Pico kwa volti 3.3, na ukizipa 5 kwenye pini unaziua polepole au papo hapo. ESP32 ina mitego yake pia: pini 34 hadi 39 zinapokea tu, na pini 0, 2, 12 na 15 husomwa bodi inapowaka ili kuamua itaanzaje. Kitufe kilichobonyezwa kwenye mojawapo ya hizo wakati wa kuwasha kinaweza kuizuia bodi kuanza kabisa.

Wi-Fi ya ESP32 nakushauri uiache izimwe. Waya upo, tumia waya.

LinuxCNC na bodi vinaongeaje?

Katikati yao kuna programu ndogo, mara nyingi ya Python, inayosoma poti ya siriali na kujitambulisha kwa HAL, ile sehemu ya LinuxCNC ambayo ishara zote huunganishwa kwa majina. Programu hiyo ikishaumba pini zake, HAL haijali tena kama nyuma yake kuna Arduino au kitu kingine.

Lugha ya kwenye waya unaiamua wewe, na hapa nina msimamo: tuma hali nzima kila mara, usitume matukio. Wengi huanza kwa kutuma "kitufe cha 3 kimebonyezwa", kisha "kitufe cha 3 kimeachiwa". Mstari wa pili ukipotea njiani, kompyuta itaamini hadi jioni kwamba kitufe bado kimebonyezwa. Bodi ikituma hali ya pini zote nane kila milisekunde 20, hata kama hakuna kilichobadilika, mstari uliopotea unafidiwa na unaofuata. Isitoshe, ukimya wenyewe unakuwa habari: mistari ikikoma, ujue kuna jambo.

Mfano wa upande wa kompyuta:

```
#!/usr/bin/env python3
import hal, serial, time

POTI = "/dev/serial/by-id/JINA-LA-BODI-YAKO"

h = hal.component("bodi")
for i in range(8):
    h.newpin("ingia-%02d" % i, hal.HAL_BIT, hal.HAL_OUT)
    h.newpin("toka-%02d" % i, hal.HAL_BIT, hal.HAL_IN)
h.newpin("pigo", hal.HAL_BIT, hal.HAL_OUT)
h.ready()

p = None
while True:
    try:
        if p is None:
            p = serial.Serial(POTI, 115200, timeout=0.1)
        s = p.readline().strip()
        if len(s) == 9 and s[:1] == b"I":
            for i in range(8):
                h["ingia-%02d" % i] = (s[1 + i] == ord("1"))
            h["pigo"] = not h["pigo"]
        t = "".join("1" if h["toka-%02d" % i] else "0" for i in range(8))
        p.write(("O" + t + "\n").encode())
    except (serial.SerialException, OSError):
        p = None
        time.sleep(0.5)
    except KeyboardInterrupt:
        raise SystemExit
```

Bodi inatuma mstari kama `I01000000`, kompyuta inajibu `O10000000`. Kwa matumizi ya kweli ongeza herufi mbili za kuhakiki mwishoni mwa mstari, ili mstari ulioharibiwa na kelele za umeme utupwe badala ya kuaminiwa.

Mwelekeo wa pini huchanganya wageni. `HAL_OUT` inasemwa kwa mtazamo wa programu yako, si wa mashine. Kitufe kinachoingia kwenye bodi kinatoka kwenye programu kwenda HAL, kwa hiyo ni `HAL_OUT`.

Nikishakuwa na pini hizo, nazitumiaje kwenye G-code?

Kwenye faili la HAL:

```
loadusr -Wn bodi ./bodi.py
net hewa     motion.digital-out-00 => bodi.toka-00
net kifuniko bodi.ingia-00 => motion.digital-in-00
```

Sasa `M64 P0` inafungua hewa, `M65 P0` inaifunga, na `M66 P0 L3 Q5` inasubiri kifuniko kifungwe kwa muda usiozidi sekunde 5. Muda ukiisha bila kitu, `#5399` inakuwa -1, nawe unaweza kuipima na kusimamisha kazi. Vitufe vya paneli havihitaji G-code: viunganishe na pini za `halui`, kwa mfano `halui.program.pause`.

Usitegemee `M62`, inayokusudiwa kwenda sambamba na mwendo. LinuxCNC itatimiza ahadi yake kwa wakati, kisha ishara itapanga foleni kwenye USB. Na baada ya `M64` programu haisubiri kuona kama bodi imetii. Kama hatua inayofuata inategemea vali iwe imefunguka kweli, weka kihisi kwenye vali na usubiri kwa `M66`.

Kila nikiwasha LinuxCNC, bodi inajianzisha upya na rilei zinaruka. Kwa nini?

Kwenye Uno na Mega, kompyuta inapofungua poti ya siriali waya wa DTR huigusa pini ya kuanzisha upya. Imewekwa makusudi ili kurahisisha kupakia programu. Kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND huzuia hali hiyo, lakini itabidi uitoe unapotaka kupakia programu mpya.

Kuruka kwa rilei kuna dawa yake tofauti. Bodi inapoanza, pini zote hazijaamuliwa, zinaelea. Rilei inayowaka kwa ishara ya chini italia "tak" ukiandika `pinMode` kabla ya `digitalWrite`, kwa sababu pini ikigeuzwa kuwa ya kutoa huanzia chini. Andika `digitalWrite(pini, HIGH)` kwanza, halafu `pinMode(pini, OUTPUT)`. Kwa rilei zinazowaka kwa ishara ya juu, funga kipingamizi cha kilo-ohmu 10 kutoka pini kwenda GND. Na kwenye Uno usifunge chochote cha maana kwenye pini 13: taa iliyo pale humetameta bodi ikianza, na rilei yako itamemeteka nayo.

Jana ilikuwa ttyACM0, leo ni ttyACM1.

Ndiyo sababu mfano unatumia `/dev/serial/by-id/`. Jina lile hutokana na kifaa chenyewe, si mpangilio wa kuchomeka. Bodi za bei nafuu zenye chipu ya CH340 mara nyingi hazina namba ya pekee, kwa hiyo mbili zikiwepo tumia `/dev/serial/by-path/`, inayofuata tundu la USB. Na ukikataliwa ruhusa, mtumiaji wako aongezwe kwenye kundi la `dialout`, kisha atoke na kuingia upya.

Waya wa USB ukichomoka katikati ya kazi itakuwaje?

Swali hili lingefaa kuulizwa kabla ya kununua hata waya mmoja, maana linaamua zaidi ya nusu ya muundo wote. Lina pande mbili.

Upande wa kompyuta, hatari ni thamani ya zamani kubaki. Pini za HAL zinakumbuka kilichoandikwa mwisho. Hata programu ya Python ikifa kabisa, ishara iliyounganishwa nayo hubaki na thamani ya mwisho, kwa hiyo "kifuniko kimefungwa" kitaendelea kuwa kweli ilhali hakuna anayekitazama kifuniko. Kuweka pini inayosema "niko hai" hakusaidii, kwa sababu programu iliyoganda haiwezi kuishusha. Ndiyo maana mfano una `pigo` inayopinduka kila mstari halali unapofika. Iunganishe na komponenti ya HAL inayoitwa `watchdog`, inayoendeshwa kwenye uzi wa wakati halisi. Ipe muda wa sekunde 0.3, na `watchdog.ok-out` iingie kwenye mantiki ya kusimamisha programu. Mapigo yakikoma kwa sababu yoyote, iwe waya, bodi au Python, inashuka.

Upande wa bodi, iandikie kwamba isipopata mstari halali kwa nusu sekunde, ipeleke pini zake zote kwenye hali salama. Washa pia kipima-uhai cha ndani cha chipu (`wdt_enable(WDTO_1S)` kwenye AVR, chipu za Uno na Mega), ili programu yako ikiganda bodi ianze upya yenyewe.

Halafu amua hali salama ni ipi, pini moja moja. Wengi huandika "zima zote" na kuendelea na maisha. Pampu ya maji, zima. Lakini meza ya ombwe inayoshikilia kipande cha kazi huku spindo bado inazunguka? Ukiizima umetupa kipande hewani. Hiyo hubaki imewashwa hadi spindo isimame. Kishikio cha hewa kiwe cha aina inayobana kwa springi na kuachia kwa hewa, na hapo hata umeme wa jengo zima ukikatika hakiachii.

Je, kitufe cha dharura kinaweza kupita kwenye bodi?

Hapana. Kitufe cha dharura hukata kontakta kwa waya, bila programu yoyote katikati. Bodi inaweza kusoma kontakti yake ya pili ili iwashe taa au iandike ujumbe kwenye skrini, basi.

Vihisi vyangu ni vya volti 24. Nifanyeje?

Tumia optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila waya kuungana), kwa mfano PC817. Weka kipingamizi cha kilo-ohmu 4.7 kwenye volti 24, mkondo utakuwa karibu miliampea 5 na kipingamizi cha robo wati kitatosha. Upande wa pili, transista ya optokapla huvuta pini ya bodi kwenda GND, nawe unawasha `INPUT_PULLUP`. Kumbuka mantiki imegeuka: kihisi kikiwaka, pini inasoma 0.

Kugawa volti kwa vipingamizi viwili kunafanya kazi mezani. Kwenye mashine yenye inveta ya spindo (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota yake) kunafanya kazi hadi siku inveta itakapoamua vinginevyo, maana hakuna utengano kati ya waya mrefu unaopita kando ya mota na chipu yako.

Swichi za kawaida zifunge kwa kontakti inayokaa imefungwa, ili waya ukikatika isomeke kama swichi imeguswa.

Naweza kuendesha rilei moja kwa moja kutoka kwenye pini?

Pini ya ATmega328P, chipu ya Uno, isitoe zaidi ya miliampea 20. 40 ndiyo kikomo cha uharibifu, na chipu nzima isizidi 200. Koili ya rilei ndogo ya volti 5 huvuka hapo kwa urahisi. Weka chipu ya ULN2803 katikati: ina njia nane na dayodi za kumeza mshtuko wa koili zimo ndani. Ukitumia transista ya pekee, dayodi ni juu yako, 1N4007 inatosha. Umeme wa koili utoke kwenye pawasaplai yake, si kwenye USB.

Spindo ikiwaka, bodi inapotea.

Tazama `dmesg`. Ukikuta `disabled by hub (EMI?)`, kompyuta yenyewe imekwambia ugonjwa. USB ilitengenezwa kwa ajili ya mezani, inveta hurusha kelele za umeme kila upande. Fuata mpangilio huu: kebo ya spindo iwe na ngao iliyofungwa kwenye ardhi ya inveta, waya za ishara zikae mbali nayo, na zikilazimika kukutana zikatishane kwa pembe mraba, kebo ya USB iwe fupi, yenye feraiti. Bado? Weka kitenganishi cha USB. Na kama bodi lazima ikae mita kadhaa kutoka kwenye kompyuta, achana na USB: RS-485 yenye MAX485 na vipingamizi vya ohmu 120 kwenye ncha zote mbili haibabaiki, kwa kuwa inasoma tofauti kati ya waya mbili na kelele huzipiga zote sawa.

Gurudumu la kusogeza mhimili lina siri yoyote?

Mbili. Kwanza, hesabu mapigo ndani ya bodi kwa intarapti (pini 2 na 3 kwenye Uno), kisha tuma jumla, si nyongeza. Mstari ukipotea jumla inayofuata bado ni sahihi. Jumla hiyo inaingia `axis.x.jog-counts` kupitia pini ya `HAL_S32`.

Pili, bodi ikijianzisha upya jumla inarudi sifuri. Kama ilikuwa 4000, LinuxCNC itaona umezungusha gurudumu mapigo 4000 kwenda nyuma, na mhimili utaondoka mbio. Programu ya Python lazima igundue mruko wa namna hiyo na kuufidia: kila inapounganishwa upya ichukue jumla ya kwanza kama mwanzo mpya. Washa pia `axis.x.jog-vel-mode`, ili mhimili usimame gurudumu linaposimama badala ya kumalizia deni la hatua.

Potenshomita ya mwendo inachezacheza kati ya asilimia 99 na 100.

Kawaida. Kipimo cha analogi cha Uno hutoa namba 0 hadi 1023, na tarakimu ya mwisho haitulii. Chukua wastani wa vipimo kadhaa, na usibadilishe thamani hadi tofauti izidi hatua tatu au nne. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na GND inasaidia.

Mimi natumia Mach3, au Grbl.

Mach3 inaongea Modbus, lugha ya vifaa vya viwandani, kwa hiyo bodi ijifanye kifaa cha Modbus RTU. Maktaba za Arduino za kazi hiyo zipo. LinuxCNC nayo ina `mb2hal`, hivyo bodi ileile hutumika kote kuwili. Grbl kwenye Uno imejaza karibu pini zote, na haina mahali pa kupokea bodi ya pili. Ni rahisi zaidi kuhamia grblHAL kwenye bodi ya biti 32 yenye pini za ziada.

Ni lini niache haya yote nikanunue kadi?

Ukijikuta unatafuta njia ya kupunguza ucheleweshaji kutoka milisekunde 20 hadi 5. Ukifika hapo, kuna ishara kwenye bodi ambayo haikupaswa kuwepo. Kadi ya Mesa kama 7I76E huunganishwa kwa Ethernet, husomwa kila mzunguko wa milisekunde moja, na ina njia 32 za kupokea na 16 za kutoa zinazokubali volti 24 bila optokapla zako. Hamisha ishara za haraka huko. Arduino ibaki na paneli ya vitufe na taa.